Nilivyofanikiwa Kuelewa Hesabu ya Ruzuku ya Pamba ya Marekani

Kwa muda mrefu nilitaka kuelewa kwa undani namna Serikali ya Marekani inavyowalipa wakulima wake wa pamba, kwa kuwa wengi wetu tunaoilalamikia ruzuku hiyo huitaja kama fungu moja kubwa la fedha, na hoja ya namna hiyo hupanguliwa kirahisi na yeyote anayezijua sheria zenyewe. Kilichonisaidia hatimaye ni kuyaweka kando mabilioni na kufuatilia ratili moja tu ya pamba nyuzi, yaani iliyokwisha kutenganishwa na mbegu, chini ya sheria ya kilimo ya mwaka 2002, ambayo ndiyo iliyobishaniwa kuliko zote.

Nilichukulia kwamba bei imeshuka hadi senti 40 za dola kwa ratili. Sheria iliweka kiwango cha mkopo cha senti 52, yaani kiasi ambacho serikali ilimkopesha mkulima kwa kila ratili, ambapo mavuno yenyewe yalikuwa dhamana, na bei ya dunia ilipokuwa chini ya kiwango hicho mkulima aliweza kulipwa pengo lililobaki, yaani senti 12. Juu ya hizo yalikuwapo malipo ya moja kwa moja ya senti 6.67, yaliyotolewa hata bei ilipokuwa nzuri. Kisha yakaja malipo ya kufidia kushuka kwa bei, yaliyokusudiwa kumfikisha mkulima kwenye bei lengwa ya senti 72.4; ukiondoa humo 52 na 6.67, zinabaki senti 13.73. Nilijumlisha 40, 12, 6.67 na 13.73, nikapata 72.4 kamili. Nikarudia hesabu kwa bei ya senti 35, na jibu likawa lile lile. Mkulima wa namna hiyo hana sababu ya kupunguza shamba bei inapoanguka, ilhali mkulima asiye na kinga hiyo hulibeba anguko lote peke yake, jambo ambalo kwangu ni dhuluma ya wazi.

Hata hivyo, nilijilazimisha kuuliza kila malipo yalihesabiwa juu ya nini, na nadhani hapa ndipo penye uzito zaidi. Fidia ya mkopo ilifuata mavuno halisi, lakini malipo yale mengine mawili yalihesabiwa kwa asilimia 85 ya eneo la msingi, yaani eneo la shamba lililosajiliwa katika mpango wa ruzuku, na kwa viwango vya mavuno ya miaka ya nyuma, hata kama mwaka huo mkulima hakupanda pamba. Kwa hiyo senti 72.4 hazikuhusu kila ratili iliyovunwa, na anayesema vinginevyo anaidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Nikiwa nimeziweka hesabu hizo katika jedwali, niliweza kuifuata kesi ambayo Brazil iliifungua mwaka 2002 katika Shirika la Biashara Duniani. Uamuzi wa mwaka 2004, uliothibitishwa katika rufaa mwaka 2005, uliona kwamba malipo yanayotegemea bei yalididimiza bei ya dunia, lakini haukuyaweka malipo ya moja kwa moja katika kundi hilo. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ambazo hazikuwa na hazina ya kushindana na ile ya Marekani, zilikuwa zimekwisha kudai mwaka 2003 kwamba ruzuku hizo ziondolewe. Brazil na Marekani zilimaliza mgogoro wao mwaka 2014, na Marekani ikalipa dola milioni 300.

Mwaka 2018 Marekani iliirudisha pamba katika mpango wake mkuu wa ruzuku, safari hii kwa jina la pamba mbegu na kwa bei rejea, yaani bei ambayo soko likishuka chini yake malipo huanza, ya senti 36.7 kwa ratili. Kwa kuwa pamba mbegu hupimwa pamoja na mbegu zake, ambazo ni nzito lakini za bei ndogo kuliko nyuzi, kiwango hicho hakiwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile senti 72.4, hivyo nimekiwekea safu yake katika jedwali, mbali na viwango vya pamba nyuzi.