Mita 60, na choo kilichohamia upande wa barabarani

Fundi wa kwanza alichimba siku mbili tu, Machi mwaka juzi, akaja kuniita nikaone. Shimo lilikuwa limefika kiunoni, na chini maji yametuama, rangi ya chai ya maziwa. "Bosi, tumepata kisima," akasema huku akicheka. Mimi sikucheka. Lilikuwa shimo la karo la choo.

Nyumba ni ya mama, Ipogolo, kwenye mteremko unaoshukia Mto Ruaha Mdogo. Marehemu baba aliweka choo nyuma, mbali na macho ya watu kama ilivyo ada, na kwetu nyuma ni kuelekea mtoni. Choo hicho cha shimo kilikuwa kimeanza kutitia. Ufa wa sakafuni mama alikuwa ameufunika kwa kipande cha bati. Nikaona nimjengee choo cha kuflashi ndani, na karo lichimbwe palepale nyuma. Kibali sikukiwaza. Nani anaomba kibali cha choo?

Baada ya lile "kisima" nilikwenda kwa mtendaji wa kata, naye akanipeleka kwa bwana afya. Swali lake la kwanza: "Hapo na mtoni ni mita ngapi?" Nikajibu hamsini na kitu. Akanitazama kama nimekamatwa nalima kinyungu.

Aliyekulia Iringa anayajua maneno "mita sitini". Ndiyo yaliyowatoa wazee wetu kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni za kiangazi. Miaka yote nilidhani ni sheria ya wakulima. Kumbe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli yoyote ya kudumu, au inayoweza kudhuru hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inataja mita hizohizo. Na karo la zege, kwa kweli, ni la kudumu kuliko mchicha.

Bwana afya alirudi na tepu, pamoja na kijana mmoja kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambao ofisi zao ziko hapahapa Iringa. Mimi nilikuwa nimehesabu hatua kuanzia kwenye maji. Wao walianzia juu, kwenye ukingo ambao mto huufikia ukijaa. Hamsini na kitu yangu ikawa 44. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulipona kwa mita tatu.

Nilibisha kidogo, sitaki kujifanya mwema. Nikasema karo si choo cha shimo, linasafisha maji. Bwana afya akachuchumaa, akachora kwa kijiti. Karo halisafishi, akasema, linatuliza tu: kinyesi kinazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya bado yamejaa vijidudu. Kazi ya kuvimaliza hufanywa na udongo, tena udongo mkavu wenye hewa. Alitaka walau mita moja na nusu kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Yakigusana, mzigo wote unakwenda mtoni kama ulivyo, kwa wanaochota huko chini kabla Ruaha Mdogo haujaingia Ruaha Mkuu na kuelekea Mtera.

Kilichoniogopesha ni kwamba kama tungechimba Septemba, shimo lile lingekuwa kavu kabisa na ningempongeza fundi.

Akatushauri tupime upande wa juu, wa barabarani, hukohuko Machi maji yakiwa yamepanda. Tulichimba mita tatu na nusu. Wiki nzima pakabaki pakavu. Kwenye kishimo kingine tukamwaga maji usiku kucha, asubuhi tukajaza tena, nikasimamisha rula ya shule ya mwanangu. Yalishuka milimita 25 kwa dakika 14. Bwana afya akaridhika.

Ila maji machafu hayapandi mlima. Fundi akapendekeza pampu. Nikamuuliza umeme ukikatika je? Akakuna kichwa. Ikabaki kuhamisha choo chenyewe kwenye kona ya juu ya nyumba na kuinua sakafu yake, ili bomba la inchi nne lipate mteremko.

Hapo ndipo kibali kilipokuwa kigumu kuliko vyote: cha mama. "Yaani mgeni aje, hata salamu ya kamwene hajaitoa, apokewe na choo?" Siku nne hatukuelewana. Nikamwita mama mdogo kutoka Kalenga, wakateta jikoni, mimi nikaambiwa nisiingie. Walichoamua: mlango wa choo ufungukie koridoni, dirisha liwe dogo na juu, na karo lizikwe lisionekane ila mifuniko.

Tulijenga Agosti. Karo vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, mabomba ya plastiki ya umbo la T kwenye kuingia na kutoka ili uchafu unaoelea usipite. Fundi wa pili alikuwa mzuri, ila nilimkuta ameacha kitako cha karo bila zege. "Ili linywe lenyewe, mzee, lisijae haraka." Ndivyo wengi wanavyojenga, halafu wanaliita karo. Nilisimama pale mpaka zege likamwagwa na kuta zikapigwa lipu. Tulilijaza maji siku mbili tukiangalia kama yanashuka. Juu kabisa ya kuta yalishuka kidogo, tukarudia lipu kona moja.

Kile choo cha zamani tulikiacha kikauke, tukatia chokaa na udongo, mama akapanda mparachichi juu yake.

Machi iliyofuata nilifunua mfuniko wa shimo la kunyonya kulipopambazuka baada ya mvua ya usiku. Maji yalikuwa na kina cha sentimita chache tu, kule chini kwenye mawe. Mama alikuwa kibarazani na jirani yake. "Umekanyaga choo chetu," nikamsikia akimwambia, kwa majivuno. "Hebu nusa. Unasikia chochote?"