Moja ikizima njiani

Dada Rehema kaolewa Jumamosi, ofisi imehamia ghorofa ya juu, lakini kichwani kwangu kumebaki swali la Baba tu. Aliniuliza jikoni usiku wa kuamkia harusi, bakuli la njugu mkononi, na tangu hapo nalirudia hata nikiwa kwenye daladala.

Mnaomfahamu Baba mnajua: fundi redio wa siku nyingi, na utafiti wangu wa makundi ya roboti ndogo kwake ni "vidude vya kuchezea". Nilimwonyesha video ya Kilobot, zile roboti 1,024 za Harvard zilizotangazwa mwaka 2014 na Michael Rubenstein, Radhika Nagpal na mwenzao. Kila moja ina upana wa milimita 33, miguu mitatu isiyopinda, na mota mbili za mtetemo kama za simu. Hakuna anayeziongoza. Nne zinakaa pa kuanzia, nyingine zinaambaa ukingoni mwa kundi zikipima umbali na majirani kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaodunda mezani. Baada ya saa kama 12, zimejipanga umbo la nyota.

Baba alitazama mpaka mwisho. "Sasa mama, moja ikizima njiani, za nyuma zinajuaje?"

Jamani! Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Roboti ya bei ndogo haiendi kwa mstari ulionyooka, mota zake hazitetemeki sawa, wala haina macho. Zikiwa kumi, mbovu unaiondoa kwa mkono. Zikiwa elfu, hitilafu ya nadra inakuwa ya kila mara, na moja iliyokwama inazaa foleni. Nikamwambia zinachungana: jirani akihisi msongamano au mwenzake kupotea njia, wanasaidiana kurekebisha.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi hiyo ni kazi."

Hiyo ni kazi! Miaka yote hii nilikuwa naingoja kauli hiyo. Siku mbili nzima nilitembea nikitabasamu.

Tangu jana, lakini, nina huzuni. Baba alipanda basi Jumatatu kabla sijamwonyesha kinachonisumbua mimi mwenyewe, yaani betri. Ukipunguza upana, urefu na kimo cha roboti kwa nusu, nafasi ya betri inabaki sehemu moja ya nane, na bado inatakiwa isogee, isikie, ijibu. Baba amekesha miaka akibana nyaya kwenye redio zisizo na nafasi. Naamini angeona kitu. Ila siku hizi hata kupitisha uzi kwenye sindano anamwita mtoto wa jirani. Mtoto wa jicho umekolea, na habari ya hospitali hataki kuisikia. Angekuja miaka mitano iliyopita na swali lile, tungekaa meza moja na kioo cha kukuzia.

Nitampigia Jumapili, nimweleze betri kwa maneno tu.

Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla mwezi haujaisha. Baada ya michango yote ile ya harusi, sijui nitaitoa wapi.