Ukurasa wa nyuma wa daftari

Jumapili, usiku

Leo tumehesabu mali ya duka, na hesabu imekubali bila mtu kununa. Mwaka jana wakati kama huu, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunasalimiana kwa sababu ya wateja tu.

Duka letu lipo Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Tunauza khanga na vitenge. Ametuachia marehemu baba. Mirathi ilipogawiwa, mdogo wangu alipata mafungu mawili na mimi fungu moja, kama dini ilivyoelekeza, na sikuwa na neno. Tukakubaliana tusiuze, tuliendeshe pamoja. Tulikubaliana uani, juu ya mkeka, kahawa mkononi, na mkataba wetu ukaishia hapohapo. Nani akae dukani? Atalipwa nini? Faida igawanywe lini? Hakuna aliyeuliza. Tulioneana muhali. Msiba ulikuwa bado mbichi. Unaanzaje kumdai nduguyo mshahara hata arobaini haijapita?

Basi nikawa mimi wa kufungua saa mbili asubuhi na mimi wa kufunga magharibi. Yeye ana kazi yake bandarini. Huja jioni, na ndiye anayekwenda Kariakoo kufuata mzigo. Hatukuwahi kugombana. Watu wakitusifu: wale watoto wa marehemu wanapendana, duka moja na hawana makelele. Na mimi nilikuwa naamini.

Lakini shughuli za Tanga mnazijua. Leo harusi, kesho arobaini ya mtoto, keshokutwa kumtoa mwari. Huwezi kwenda mikono mitupu, tena mwenye duka la khanga! Nilikuwa navuta doti rafuni, naifunga kwenye gazeti, naondoka. Siandiki. Namwibia nani kwani, si duka la baba? Na huyo baba mwenyewe hakuacha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tukimwitikia kama watu wanavyoitikia dua wasiyoijua maana yake.

Mfungo sita, kwenye Maulidi, wifi yangu akatokea na khanga mpya. Jina lake: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Akaja akakaa mbele yangu kabisa. (Hii ndiyo taabu ya familia yenye duka la khanga: hujui mtu amevaa fumbo au amevaa kilichokuwepo.) Nililala na ile nyota usiku tatu. Nani anasafiria ya nani? Mimi ninayeshinda nimesimama, au wao? Sikumuuliza. Nikapunguza kwenda kwao, nikasingizia miguu.

Halafu ikaja Ramadhani. Kumi la mwisho, wakati khanga zinatoka kuliko siku zote, nikawa natafuta namba ya simu ya mtu wa mzigo. Nikafungua daftari la duka kwa nyuma. Mwandiko wa mdogo wangu: Dada, doti 2, harusi. Dada, doti 1, uzazi. Dada, doti 4, harusi. Ukurasa mzima mimi tu, miezi kumi, jumla doti 23. Naandikwa kama mdeni wa mtaani! Nilifunga duka saa saba mchana wateja wakiwa mlangoni. Nikimkumbuka yule mama aliyetoka Pongwe kufuata khanga za Idi, mpaka leo naona aibu.

Sikumpigia yeye simu. Nilimpigia shangazi.

Shangazi alitusubirisha mpaka Idi ipite, akatuita kwake baada ya isha. Tulikula kwanza. Wali, mchuzi wa nguru, hakuna anayeinua macho. Tulipokwisha nawa akasema, "Leteni hilo daftari." Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaanza kunisoma kwa sauti, doti kwa doti, na mimi nimetulia kama mshindi, nasubiri kijana aaibike. Akafika mwisho. Akalamba kidole, akafunua.

"Mimi, doti 1, mke wangu, Maulidi. Mimi, doti 3, ukweni." Ukurasa wa pili. Yeye mwenyewe amejiandika, doti 9. Na ile nyota ya wifi imo, na tarehe yake.

Mimi sikuufunua. Niliishia pale nilipoliona jina langu.

"Dada," akasema, na sauti imemkauka, "nilikuwa nakuandikia ili siku moja tukae tuhesabu. Kila nikitaka kukuonesha naona haya."

Hapo ndipo yakanitoka niliyokuwa sijayasema hata mwenyewe chumbani. Kwamba nimechoka. Kwamba ninashinda pale tangu asubuhi na mwezi ukiisha sina changu ninachokijua. Zile doti zilikuwa mshahara wangu. Nilijilipa kimyakimya kwa sababu kuomba niliona vibaya. Mdogo wangu akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari za mji wa mbali. Alikuwa anadhani mimi naona raha kukaa dukani, kwa sababu sikuwahi kulalamika.

Shangazi akacheka. Akasema aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Bakara, haisemi habari za pepo wala moto. Inasema mkikopeshana andikeni, liwe dogo liwe kubwa. "Sasa nyie mnaona haya kwa nani?"

Tukaandika usiku ule ule. Anayekaa dukani ana mshahara wake, na huo unatoka kabla ya kugusa faida. Faida inayobaki ndiyo mafungu mawili kwa moja. Khanga ya shughuli ya familia inaandikwa kwa bei ya kununulia. Doti zangu 23 kwa shilingi 9,000 zikawa 207,000, nakatwa 20,000 kila mwezi, na leo zimebaki 67,000. Za kwake alilipa mkupuo mmoja, kwa maringo kidogo.

Wifi nilimuuliza mwishowe. Akasema aliipenda rangi. Namwamini nusu, na hiyo nusu inatutosha kupikiana futari.

Usiku ule wakati tunaondoka, shangazi alidai ada yake: doti moja, ya zambarau, yenye jina zuri, aletewe kesho yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza bei. Leo tulipokuwa tunahesabu nimeliona lile daftari limefunguka nyuma, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mdogo wangu: Shangazi, doti 1, hukumu.