Siku Yangu Moja Kazini: Kupeleka Wageni Kisiwani Namponda

Saa 10:00 alfajiri. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650. Jumamosi hii ya Januari ilikuwa ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana: maji yalikuwa yamejaa nilipoamka, yangekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kisha yangejaa tena alasiri. Ratiba nzima niliipanga kwa kufuata maji hayo, kwa kuwa ndege na kasa tuliowafuata nao huyafuata.

Saa 11:00. Niliondoka Mtwara mjini na walimu wanne waliotoka Masasi. Tulipita Madimba, penye mitambo ya kuchakata gesi, tukaingia Msimbati kukipambazuka.

Saa 12:30 asubuhi. Viingilio vilikuwa vimelipwa mapema, na nahodha alikuwa tayari ndani ya boti.

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba, mwanangu. Wapandishe wageni, maji yanatoka.”

Nilihakikisha kila mmoja amevaa na kufunga jaketi okozi, tukapakia maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, kwa sababu kisiwani hatutegemei kupata chochote.

Saa 2:00. Karibu na Namponda nahodha alizima mashine, akashika upondo. Chini yetu yalikuwepo majani ya baharini, ambayo ndiyo malisho ya kasa wa kijani. Baada ya kungoja kimya kwa muda, kichwa kilichomoza ubavuni mwa boti, kikatoa pumzi kwa mkoromo mfupi, kikazama. Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini hatukumfuata. Nilimweleza kwamba kasa hupumua hewa kama sisi, na akikimbizwa kila anapoibuka hukosa pumzi ya kutosha na malisho pia. Jike huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Kumpoteza mmoja ni hasara ambayo kijiji hakiwezi kuifidia kwa msimu mmoja wala miwili.

Saa 4:00. Maji yalikuwa yamekupwa na uwanda wa mchanga na tope ulikuwa wazi. Hapo walitawanyika ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu na midomo minene, waitwao “crab plover” kwa Kiingereza, ambao chakula chao kikubwa ni kaa. Hawa huzaliana mbali, kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, ambako huchimba mashimo mchangani na kutaga humo yai moja. Kwa darubini tulimwona kinda, mwenye rangi ya kijivu, akimfuata mzazi wake hatua kwa hatua huku akilia, mpaka mzazi alipomnyakua kaa, akamtikisa na kumpa. Safari yote hiyo wameimaliza, na bado kinda analishwa! Kwangu mimi, hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika ghuba hii.

Saa 7:00 mchana. Maji yaliporudi, uwanda ulipungua na ndege wakabanana kwenye fungu moja la mchanga. Saa hiyo ndiyo inayofaa kupiga picha, na ndiyo yenye hatari kubwa kwao. Ukiwasogelea, wote huruka kwa pamoja, na hawana pengine pa kutua mpaka maji yatoke. Nguvu wanayoitumia hewani ni ile waliyoitafuta asubuhi nzima. Kwa hiyo tuliketi mbali, tukala chakula chetu na kuwatazama kwa zamu. Wageni wengine hulalamika kwamba picha zimetoka ndogo. Siwapi nafasi ya kusogea hata hivyo.

Saa 9:00. Mikondo ilikuwa na kina cha kutosha, tukarudi Msimbati na taka zetu zote ndani ya gunia.

Saa 1:00 usiku. Mteja mwingine alinipigia simu akitaka kwenda Jumamosi inayofuata, aondoke saa nne asubuhi. Wakati huo yatakuwa maji mafu, yaani bahari haijai wala kupwa sana; maji yatajaa karibu na saa hiyo hiyo na uwanda hautakuwa wazi mpaka alasiri. Nilimshauri asogeze safari kwa wiki moja na alale Msimbati usiku wa kuamkia siku hiyo. Amekubali, nami nimeshamjulisha nahodha.