Doa Jeupe Kwenye Gego

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka saba, na magego yake ya kwanza ya ukubwani yalikuwa yameota karibuni, nilipompeleka kwa daktari wa meno hapa Lamu. Daktari alilipuliza gego moja kwa hewa hadi likakauka, kisha akaniita nitazame. Karibu na ufizi palikuwa na doa jeupe lisilong'aa, mfano wa chokaa, ambalo lilififia mara tu mate yalipolilowesha tena.

"Mwalimu, jino halijatoboka," alisema, "lakini madini yameanza kulitoka."

Alinieleza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na kwamba bakteria wa kwenye utando wa meno hugeuza sukari kuwa asidi. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini huanza kuyeyuka, na mate huyarudisha taratibu iwapo mdomo utapewa nafasi ya kupumzika. Katika nyumba nyingi za mtaa wa Langoni, visheti na chai ya sukari huanza baada ya alasiri na kuendelea hadi usiku, kwa hiyo nafasi hiyo ni nadra kupatikana.

Nilikuwa nimesoma kwamba leza, mwanga mkali unaoelekezwa mahali pamoja, huweza kukinga meno, nikamuuliza. Alifurahi mno, akaweka vifaa chini. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na kabla muongo huo haujaisha watafiti wa Marekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba enameli iliyopigwa mwanga huo huistahimili asidi vizuri zaidi. Baadaye waligeukia leza ya kaboni dioksidi, hasa mawimbi ya mikromita 9.3 na 9.6, kwa kuwa madini ya jino huyanyonya kwa nguvu na joto likabaki juu juu. Joto hilo hufukuza kaboneti iliyochanganyika na madini hayo, ambayo ndiyo huyafanya madini yawe mepesi kuyeyuka. Mwanga hutolewa kwa mapigo ya sehemu ndogo mno za sekunde, ili kiini cha jino, chenye mishipa iliyo hai, kisipate moto. Na floraidi ikipakwa pamoja nao, kinga huongezeka. Kwangu mimi, kulikinga jino bila kulichonga hata kidogo ni jambo adhimu, na nilitamani watoto wetu wa visiwani wangelipata.

"Na mimi nitapigwa hiyo taa?" binti yangu aliuliza.

"Mashine hiyo hatuna hapa, mama. Wewe nitakupaka dawa."

Alilikausha gego kwa pamba, akalipaka floraidi ya rangi ya manjano, nzito na yenye kunata kama asali, akamwambia asile kitu kigumu jioni hiyo wala asipige mswaki hadi asubuhi, kisha akatupangia siku ya kurudi ili alipulize tena doa lile na kulilinganisha.