Tundu la chubwi lifuate kamba

Anayetaka kusubu (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) machubwi ya jarife, yaani vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha kamba ya chini ya wavu, kwa kawaida huuliza kwanza uzito. Uzito ni hesabu nyepesi, ukikosea unaongeza au kupunguza idadi. Tundu ndilo lenye kazi. Likibana, utalisukuma kwa nguvu na kuchubua nyuzi za kamba. Likilegea, chubwi linateleza, na bamvua moja tu (maji kujaa na kupwa kwa nguvu) ya pale mdomoni mwa ghuba ya Mikindani inatosha kuyarundika yote upande mmoja wa wavu. Upande wa pili kamba ya chini inanyanyuka na samaki wanapita chini yake.

Kwa hiyo pima kamba kabla ya kuwasha jiko, na usiamini namba ya dukani. Izungushe mara 10 kwenye mpini wa jembe, mizunguko igusane bila kubanana, pima upana wa mizunguko yote kisha gawa kwa 10. Ukipata milimita 52, kamba yako ni ya 5.2. Ya katani iloweke usiku kucha kwanza, kwa sababu hunenepa ikilowa. Ya plastiki hainywi maji, ipime kavu. Tundu lizidi kamba kwa karibu milimita moja, basi. Kamba ya 5.2 inataka tundu la 6, na hapo una bahati: nondo laini ya milimita 6, ile ya kukunjia ringi za nguzo, ndiyo pini yako ya kusimama katikati ya kalibu na kuacha tundu. Isugue kwa tupa ncha iwe nyembamba kidogo kuliko shina, la sivyo haitachomoka.

Kalibu rahisi ni kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, ambalo kwa ndani ni karibu milimita 16. Chukua bomba jeusi, si lile lililopakwa zinki. Kata urefu wa milimita 30, pasua pande mbili kwa msumeno wa chuma, kisha rudishia vipande pamoja kwa klipu ya mpira wa maji. Msumeno unakula kama milimita moja kila upande, kwa hiyo chubwi litatoka na umbo la yai kidogo. Halina ubaya wowote. Kalibu isimame juu ya bamba la chuma lenye tundu la kushikilia pini katikati. Fukiza pini na kuta za ndani kwa moshi wa kibatari mpaka ziwe nyeusi; risasi hainati kwenye masizi.

Chubwi la kipenyo cha milimita 16, tundu 6, urefu 25, lina ujazo wa sentimita za ujazo 4.3. Risasi safi ina gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, unapata kama gramu 49. Kwa umbo lile la yai, hesabu 44 hivi. Ukiyapanga kila sentimita 25 kwenye kamba ya mita 100, ni machubwi 400, yaani karibu kilo 18. Andaa kilo 21, nyingine itaondoka na takataka.

Sasa moto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, zinki kwenye 419. Tofauti hiyo ndiyo inayokuokoa ukitumia risasi za balansi za magurudumu, maana siku hizi nyingine ni za zinki au chuma. Moto ukiwa wa wastani, vipande visivyo risasi vitaelea vikiwa vizima. Vitoe kwa kijiko cha chuma. Ukichochea mkaa kwa pupa vile vya zinki vitayeyuka humo humo na mchanganyiko utakuwa mzito kama uji. Tupia kipande cha mshumaa, koroga, engua ukoko wa kijivu. Betri za gari ziache kabisa, zina tindikali na sumu nyingine juu ya ile ya risasi yenyewe.

Chombo kiwe cha chuma. Sufuria ya alumini ikikaa kwenye mkaa mkali inaweza kutoboka ikiwa imejaa, na chochote utakachotumia kisirudi jikoni tena. Fanya kazi nje, upepo uwe mgongoni, watoto na wajawazito wawe mbali, nguo zifuliwe peke yake.

Hatari kubwa kwetu huku pwani ni maji. Machubwi ya zamani yaliyokatwa kwenye nyavu yana maji ya chumvi ndani ya tundu na kwenye nyuzi. Ukilidondosha moja kwenye risasi iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni. Yaanike, kisha yaweke chomboni chombo kikiwa bado baridi. Kalibu nayo ipashe moto kila unapoanza, kwa kuwa ikilala nje Lindi au Mtwara inaamka na unyevu.

Mimina mfululizo mpaka juu, kwa sababu risasi husinyaa ikiganda na kuacha shimo kichwani. Zile milimita 5 za juu ni za kukatwa. Chubwi lenye mikunjo kama ngozi ya maziwa linaonyesha kalibu ilikuwa baridi. Pini izungushe mara uso unapopoteza mng'ao. Ukisubiri ipoe, risasi itaikumbatia na utaishia kuigonga nyundo, na tundu ulilolipima kwa uangalifu linaharibika.

Midomo ya tundu ina makali. Zungusha ncha ya keekee ya milimita 10 kwa mkono, mara mbili tatu kila upande, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Chubwi lililolegea kidogo libane kwa plaisi katikati, taratibu. Kabla ya hapo likwaruze kwa ukucha: likiacha alama ni laini, litakubali. Lisipoacha alama lina antimoni (madini yanayoifanya risasi iwe ngumu), linaweza kupasuka ukilibana, kwa hiyo lirudishe chomboni awamu ijayo na utumie pini ya unene sahihi.