Pochi ya Martin Sloan

Jumamosi, saa tano usiku. Watoto wamelala, nami nimerudi kwenye The Twilight Zone, kile kipindi cha zamani cha televisheni ya Marekani chenye visa vya ajabu. Wiki ya tatu sasa naangalia sehemu mojamoja, bila kufuata mpangilio.

Nilipoziona mara ya kwanza nilizipendea mwisho wake. Yule Bemis, karani wa benki, amebaki peke yake duniani na vitabu tele vya kusoma, mara miwani inamdondoka, inavunjika. Nilikuwa nabana pumzi nikisubiri pale tu. Sasa miisho yote naijua, na macho yangu yanakwenda kwingine.

Leo nimeangalia "Walking Distance", iliyorushwa Oktoba 30, 1959. Martin Sloan ana miaka 36, anafanya kazi ya matangazo New York, amechoka kabisa. Anaacha gari kituo cha mafuta, anakwenda kwa miguu hadi mji aliokulia, na kufika anakuta ni 1934. Wazazi wake wako hai. Mwenyewe yupo pia, kitoto kinachochonga jina lake kwenye nguzo. Anagonga mlango wa kwao, na waliomzaa hawamjui.

Baadaye, usiku, penye bembea ya farasi wa mbao, baba yake anamfuata kumrudishia pochi aliyoiangusha. Ameifungua. Ameona leseni ya udereva inayokwisha 1960, na noti zenye tarehe ambazo bado hazijafika. Hamhoji sana. Amekwisha kuamini. Kisha anamwambia kwa upole kwamba hapa hapana nafasi yake, majira haya ya joto ni ya yule mtoto.

Rod Serling, aliyekibuni kipindi hiki, aliiandika mwenyewe, kama alivyoandika 92 kati ya sehemu 156 za kipindi chote. Alikulia Binghamton, jimbo la New York, mji wenye bustani na bembea kama ile. Baba yake alifariki 1945, yeye akiwa bado jeshini. Miaka 14 baadaye akamwandika baba anayesimama gizani na kuongea na mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko miujiza yote ya kipindi kile.

Baba yangu alizikwa alasiri, mimi niko kwenye basi. Nilifika usiku, nikapelekwa kaburini kwa tochi, udongo ungali mbichi. Alikuwa hajaniona na ndevu. Hakuwajua wanangu hawa waliolala chumba cha pili. Mara nyingi nimejiuliza, tungekutana barabarani leo, angenitambua kwa nini? Sauti? Mwendo?

Nimelirudia lile tukio la pochi mara tatu. Mara ya tatu nilizima sauti nikamtazama yule mzee usoni tu. Anainyoosha pochi, Martin anaipokea, na kwa kitambo hakuna anayesogea.